Kwa Aliyefuata Feni

Najua hukuja kwa vitabu.
Umefuata feni,
kwa kuwa kwenu bati limeshika moto
na mama yako yuko zamu kiwanda cha kuku hadi saa moja usiku.
Keti. Feni haina ubaguzi,
japo jengo hili lilikuwa nao:
mlango ule wa nyuma, wenye kufuli la kutu,
ndio niliopitia mimi nikiwa rika lako,
nikapokea kitabu kimoja dirishani, bila kuchagua.

Leo chagua wewe. Ila nitakuingilia kidogo;
ndiyo kazi yangu, na Julai huku Carolina ni ndefu.

Anza na hiki chembamba. Kimeandikwa na mwalimu wa hesabu
wa papa hapa ng'ambo ya mto,
na maneno yake ni makavu kama biskuti ya juzi. Vumilia.
Ukurasa wa arubaini, wanawake wa ghala la tumbaku
wanaketi sakafuni, mia mbili na kumi,
hawaimbi, hawapigi kelele, wameketi tu,
na meneja anazunguka akimwomba hata mmoja asimame.
Pichani, wa tatu kutoka dirishani, ni mama wa bibi yako.
Umelirithi paji lake la uso. Labda na kiburi.

Kile kikubwa ni ramani tupu.
Fungua harakaharaka, uone mashamba ya watu weusi
yanavyopungua mwaka hadi mwaka
kama kipande cha sabuni mkononi.

Hiki sasa usikiruke.
Ni cha sensa. Ndiyo, sensa, likizoni!
Tazama nyumba ya kumi na tisa, Barabara ya Kinu:
Zilpha Moye, mfua nguo.
Chini yake, Arnetta Speight, mpangaji.
Miaka kumi baadaye: mpangaji.
Kumi tena: mpangaji.
Miaka arubaini mtu amepanga chumba
katika nyumba yenye kitanda kimoja.
Karani hakuuliza, wao hawakusema,
na neno moja likawafunika wote wawili kama shuka.
Unacheka? Cheka. Nadhani hata wao walicheka
karani alipokwisha kufunga lango.
Kwangu pia yupo mpangaji, mwaka wa ishirini na sita huu.
Anapanda bamia. Anakoroma.

Cha mwisho hakikai rafuni.
Masika alikuja mheshimiwa mmoja na karatasi yake,
vitabu vya kuondolewa, thelathini na kitu,
na hakuwa amesoma hata jalada.
Basi orodha kwa orodha. Hii ni yangu.
Subiri nivute droo.

Ni habari za wanaume wa miji ya mto huu,
wachukuzi, wapiga kinanda kanisani, kinyozi mmoja,
waliopendana na kuandikiana barua
kwa mwandiko mdogo, kuokoa karatasi.
Kurasa tisa zimechanwa. Si mimi.

Fungua nyuma, kwenye kadi ya kuazima.
Jina hilo unalijua: Cleophus Barnhill,
kaka yake babu yako.
Mara kumi na moja. Na kila mara
amekirudisha siku moja kabla.
Kwenu wanasema alikufa kwa mapafu.
Sawa. Mapafu.
Nimekaa na kadi hii miaka mingi nikijiuliza
kama ni haki yangu kuionyesha, na hata sasa sina hakika.

Wala sisemi lolote juu yako.
Sijui, na si langu kujua.
Ninachojua ni kwamba aliketi hapo ulipoketi,
shati limemgandia mgongoni,
akaniapia kwamba amefuata feni.

Tunafunga saa kumi na moja.
Usikunje kurasa. Na ukichelewa kukirudisha,
chelewa tu.